Kamera 24 za kutega kwa ajili ya duma Enduimet: nizipange vipi?

Mgunga_Moshi
Habari zenu wakuu. Tunaandaa sensa ya duma kwenye Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Enduimet, upande wa Longido, kiangazi kijacho. Vifaa ni kamera 24 za kutega (zinazojipiga zenyewe mnyama akipita), gari moja na GPS mbili. Mpango wa awali ni kugawa eneo kwa miraba ya kilomita 2 kwa 2 na kufunga kamera moja katikati ya kila mraba. Majaribio yameleta swala, pundamilia, fisi na picha nyingi za nyasi tupu. Duma hakuna, na wachungaji wanasema wapo. Kosa liko kwenye kamera au kwenye mpangilio? Na maneno ya wachungaji yanaingia vipi kwenye takwimu?

Alama_Mtini
Mkuu, kosa ni mpangilio. Katikati ya mraba ni mahali ulipopachagua wewe, duma hana shida napo. Dume mwenye himaya anapita kwenye sehemu zake za alama: mti uliosimama peke yake, mgunga ulioinama kiasi cha kupandika, kichuguu kirefu, jabali. Tafuta hizo kwanza kwa gari na kwa miguu, ukiwa na mchungaji anayelijua eneo. Kwenye shina angalia doa la mkojo, mikwaruzo ya kucha, na kinyesi juu ya tawi lililolala au kichwani mwa kichuguu. Mti wenye kinyesi kikavu na kibichi kwa pamoja ndio wa kufungia, maana unatembelewa mara kwa mara.

Funga kamera mbili kila kituo, moja kila upande. Madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia, kwa hiyo duma mmoja aliyepigwa kushoto leo na kulia kesho utamhesabu wawili. Kamera 24 zinakupa vituo 12, na vituo 12 vyenye pande zote ni bora kuliko 24 vya upande mmoja. Zisitazamane uso kwa uso, maana mwanga wa moja usiku unaharibu picha ya nyingine. Zipishane kama mita moja. Saa za zote mbili zilingane, la sivyo huwezi kuoanisha picha.

Kimo ni sentimita 50 hadi 60 kutoka ardhini, umbali mita 3 au 4 kutoka anapopita mnyama. Ielekeze kaskazini au kusini. Ikitazama mashariki, jua la asubuhi linaifyatua yenyewe. Fyeka nyasi zote mbele yake, hata zile fupi. Hizo picha zako za nyasi zinatokana na upepo ukishirikiana na joto la ardhi saa sita mchana, na zinakula betri na memori kadi kabla duma hajafika. Weka picha tatu mfululizo kwa kila tukio, bila kusubiri kati ya tukio na tukio, kwa sababu madume ndugu hutembea wawili au watatu na wa nyuma ndiye hukosekana. Enduimet ina tembo, hivyo bila kasha la chuma lililofungwa kwa boliti utaokota vipande.

Takwimu_Njiro
Naongezea, kwa sababu hapo kuna mtego mwingine. Miti ya alama inavuta zaidi madume wenye himaya. Majike hupita kwa nadra, mara nyingi wakiwa kwenye joto, yaani tayari kupandwa. Ukitumia miti pekee kisha ukaripoti uwiano wa dume na jike, utapotosha. Vituo vinne kati ya 12 viweke kwenye njia za magari na makorongo wanakopita majike na watoto, na kwenye modeli (hesabu ya takwimu inayokadiria idadi ya duma) upe kila jinsia kiwango chake cha kuonekana.

Ukubwa wa eneo nao si wa kupuuza. Serengeti, dume mwenye himaya anashika takriban kilomita za mraba 40 hivi, lakini jike huzunguka karibu 800 akifuata swala. Acha kilomita 4 hadi 5 kati ya vituo, kisha baada ya siku 45 hamisha vyote kwenye kipande cha pili. Jumla isizidi siku 90, kwa sababu modeli inachukulia kwamba hakuna anayezaliwa, kufa wala kuhama katika kipindi hicho. Anza Juni masika yakishakwisha na umalize kabla ya vuli.

Utambuzi: linganisha shavu, bega, paja la nyuma, na pete za mkia. Watu wawili walinganishe kila mmoja peke yake, wakubali tu penye makundi matatu ya madoa yanayofanana. Watoto wa chini ya miezi mitatu bado wana manyoya marefu mgongoni yanayoficha madoa. Waandike idadi na mama yao, usiwape namba.

Miradi ya utafiti wa duma Serengeti, iliyoanza miaka ya 1970, imejengwa juu ya madoa haya haya. Madereva wa utalii wa Arusha na Moshi wanaweza kukupa picha pia, ila waombe pande zote mbili, tarehe, saa na alama ya GPS. Alama hizo zisipostiwe popote mtandaoni.

Mgunga_Moshi
Asanteni sana wakuu. Kuwafunga duma mikanda ya redio shingoni ili kuwafuatilia je, ingesaidia?

Takwimu_Njiro
Si sasa. Inahitaji daktari wa wanyamapori, dawa ya usingizi na kibali cha peke yake, na duma akikimbizwa kabla ya kudungwa joto la mwili linapanda hadi hatari. Swali lako ni wako wangapi. Kamera zinalijibu. Hata hizo zianze na vibali: TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori), na serikali za vijiji.

Nyayo_Longido
Kuhusu wachungaji. Usiulize "umemwona duma?" Mpe picha bila majina: duma, chui, mondo, fisi, na chuimilia ambaye hayupo Afrika. Anayesema chuimilia yupo Longido, majibu yake weka pembeni. Kisha muulize lini, wapi, wangapi, na muda gani wa siku. Duma huwinda zaidi mchana, na mara nyingi huchukua mbuzi au kondoo malishoni. Mfugo uliouawa ndani ya boma usiku, kwanza fikiria fisi au chui.

Mzoga ukiwahiwa, chuna ngozi ya koo. Duma hukaba koo, utaona matundu ya meno na damu iliyovilia chini ya ngozi. Mifupa mikubwa huwa mizima. Ikiwa imepasuliwa, fisi alifika, lakini hiyo haithibitishi kwamba ndiye aliyeua. Damu iliyovilia ndiyo inayoonyesha mnyama aling'atwa akiwa hai.

Kwenye vumbi, unyayo wa duma unaonyesha kucha kwa sababu haziingii ndani kabisa, na kisigino chake kina mabonde mawili nyuma. Wa fisi nao unaonyesha kucha, ila kisigino kimekaa upande. Pima urefu na upana, piga picha ukiweka rula kando, asubuhi kabla mbuzi hawajapita.