Dereva aliyewatesa wenzake, tumsaidie kupinga faini ya maegesho?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Mimi huwasaidia madereva kupinga faini za maegesho, bure kabisa. Nasoma notisi, naangalia picha, naandika barua ya rufaa. Kinachonisumbua ni hiki: aliyepaki kihuni akawatesa wenzake, naye nimwandikie?

Kuna mmoja alinijia na notisi yenye tarehe iliyokosewa. Kosa la wazi, pengine faini ingefutwa. Akanionyesha na picha aliyopigwa: gari limepanda njia ya waenda kwa miguu, matairi ya mbele yameziba ule mteremko wa kushukia barabarani. Pembeni mwa picha, limekatika nusu, linaonekana gurudumu la kiti cha mlemavu. Mtu amekwama pale. Nikamuuliza dereva kama alimwona. Akanijibu, "Hiyo siyo hoja, wewe angalia tarehe." Nikamrudishia karatasi zake.

Wenzangu wakanishukia. Haki haichagui mtu, wakasema. Ukimwacha huyu kwa sababu ya tabia yake, watoza faini watazoea kuandika notisi ovyo na kesho itamkuta asiye na hatia. Hoja hiyo ina uzito na siidharau hata kidogo. Ndiyo maana kama kibao hakikuonekana, au namba ya gari siyo yake, au mashine ya kulipia ilikuwa mbovu, nitamwandikia hata mtu nisiyempenda. Huyo anadaiwa kosa ambalo hakulitenda.

Wa tarehe alilitenda. Anatafuta upenyo tu wa kutokea. Na faini hizi zina kazi yake. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali dereva Barry Beavis atozwe pauni 85 kwa kuzidisha karibu saa nzima kwenye maegesho yaliyokuwa bure kwa saa 2. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba tozo ile inasaidia nafasi zizunguke, wengine nao wapate pa kuegesha. Nyuma ya gari lililokaa pabaya kuna mtu mwingine, hata kama jina lake halimo kwenye notisi.

Mnasema nimejifanya hakimu. Mbona mlango wa rufaa sijaufunga? Aandike mwenyewe, atasikilizwa. Wakili aliyepangiwa kesi na mahakama hana hiari ya kuchagua mteja. Mimi najitolea, na jioni nitakayompa huyu nitakuwa nimemnyang'anya mwingine, labda mama aliyepigwa faini huku akimshusha mgonjwa, naye hajui hata barua inaanzaje.

Sasa nyie mnaosaidia watu, huyu wa tarehe mngemwandikia? Na yule aliyekwama kwenye kiti, akiwauliza, mngemjibu nini?