Nimefikisha milioni 10 kwa cherehani, naombeni ushauri kabla sijaiharibu

Mama Sare
Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Mimi fundi cherehani hapa Mbeya, kibanda kipo Mwanjelwa, nashona zaidi sare za shule. Juzi nimeweka benki laki 2 na nusu za oda ya mwisho, meseji ikaingia salio 10,014,300, nikakaa kwenye kigoda nikaisoma mara tatu maana hiyo milioni 10 niliiandika nyuma ya kaunta buku Januari 2020 nikiwa sina hata laki. Nilianza na elfu 5 kila siku ya kazi naitia kwenye kopo la maziwa, Jumamosi nampelekea wakala. Machi mwaka huohuo shule zikafungwa kwa corona mpaka mwisho wa Juni, nikawa natia buku buku ila sikuacha. Baadaye nikapoteza laki 8 kwenye kikoba cha mtaani, mweka hazina alihama usiku, tangu hapo naweka kimya kimya peke yangu.

Nina miaka 36, nataka nikifika 50 nishone kwa kupenda, mgongo umeshaanza kusumbua. Mimi na wanangu wawili tunatumia kama laki 4 na nusu kwa mwezi.

Sasa mdogo wangu aliiona ile meseji, kaka yetu mkubwa naye kajua, anataka milioni 6 aongezee bajaji atanilipa taratibu. Mama anasema ninunue kiwanja Uyole, pesa ya benki haina macho. Mimi moyo uko UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, nimesikia ukiwa na milioni 10 wanakupa gawio kila mwezi. Usingizi sina, nisaidieni.

Ngosha wa Igoma
Hongera sana dada, wengi tunaishia kuandika tu. Mama anasema kweli, ardhi haiozi. Nunua kiwanja, weka mawe ya mipaka, tulia.

Mwl. Tunu
Ngosha, kiwanja hakimlipi ada ya mtoto Januari. Nilinunua 2016 mpaka leo kila mwaka nalipa mtu wa kufyeka na bado jirani kasogeza migomba. Siponde ardhi ila isiwe ndio akiba yake yote.

Babu Hatifungani
Binti yangu hongera, sasa tulia twende taratibu. Kwanza, hiyo milioni 10 iko benki moja, na benki ikifilisika Bodi ya Bima ya Amana inakulinda mpaka milioni 7.5 kwa benki, kinachozidi hakina uhakika huo. Pili, toa matumizi ya miezi mitatu, yaani 1,350,000, weka Mfuko wa Ukwasi wa hao hao UTT ambao ukitaka hela unaipata ndani ya siku chache, maana wewe wa sare una miezi mikavu, unaijua mwenyewe.

Inabaki kama 8,650,000. Ni kweli kwenye Mfuko wao wa Hatifungani, yaani unaokopesha serikali na makampuni kwa riba, gawio la kila mwezi linaanzia milioni 10, la miezi sita milioni 5, ila kuna mpango wa kukuza mtaji, faida hupewi mkononi inabaki humo ikizaa, ambao unaanza na elfu 50 tu na huo ndio wako. Gawio la kila mwezi la nini na wewe bado unashona? Ukilipokea litaishia sokoni. Chukulia mfano asilimia 10 kwa mwaka, na ile elfu 5 yako ya kila siku uendelee nayo, ukifika 50 una kama milioni 76. Wamarekani wanasema uhuru wa kuacha kazi ni kuwa na akiba ya matumizi ya mwaka mara 25, kwako milioni 135 kwa bei za leo, na bei zitapanda, kwahiyo hutaacha kazi kabisa ila utachagua oda. Asilimia inapanda na kushuka, na huu mfuko sio benki, hiyo bima ya amana haipo.

Mama Sare
Babu shikamoo, nimesoma mara mbili nikatoa kalamu. Sikujua kama kuna wa kukuza mtaji, mimi niling'ang'ania kwenye kumi tu. Na kaka je?

Mwl. Tunu
Usimkopeshe milioni 6 mwaya. Mimi nilimkopesha ndugu milioni 2, hela haikurudi na msiba ukitokea tunakaa mikeka tofauti. Mpe unachoweza kukisamehe, mwambie huu ni mchango.

Ngosha wa Igoma
Hapo naungana na mwalimu. Bajaji anunue kwa mkataba na mwenye chombo, wengi wameanzia hivyo.

Mama Sare
Mrejesho. Jana nimekaa na kaka mbele ya mama, nimempa laki 3 nikamwambia kaka hii sikudai. Alinyamaza muda mrefu, chai ikapoa, mwisho akasema asante ila nimeona ameumia na mimi nimeumia. Mama nimemwahidi kiwanja kitakuja baada ya msimu wa Januari mbili. Jumatatu naenda kufungua akaunti, naanza na milioni 8.

Babu Hatifungani
Marahaba binti. Nenda na kitambulisho cha NIDA na namba ya akaunti ya benki, na kabla hujasaini soma mpango ulioandikwa kwenye fomu, usiandikiwe wa gawio kwa haraka haraka.