Basi moja, kuchelewa kulekule, adhabu mbili tofauti. Hii jeshini imekaaje?

BintiTukuyu

Kamwene wakuu. Waliopita jeshini naomba mnisaidie, maana mama yangu hapa nyumbani hali wala halali.

Mdogo wangu ni askari, yuko mwaka wa pili, kikosi sikitaji. Alipewa ruhusa ya siku tatu kuja kumzika babu. Mwenzake wa kombania hiyohiyo naye alikuwa na ruhusa, kwao ni Kiwira. Jumapili wakarudi na Coaster moja, wa kwangu kapandia Tukuyu, yule Kiwira, wakakaa viti vya jirani. Walitakiwa kuripoti saa 12 jioni. Kufika mteremko wa Igawilo, lori la mbolea limelala katikati ya barabara, foleni haisogei. Getini wakafika saa 3 kasoro usiku.

Kesho yake mwenzake kafokewa, basi, imeisha. Wa kwangu kapewa siku 14 hakuna kutoka kambini, na jioni wenzake wakipumzika yeye anafyeka na kudeki. Gari moja, saa ileile! Mama anasema ni kwa vile baba wa yule anajulikana. Je, mkubwa wake anaruhusiwa kugawa adhabu anavyojisikia? Akilalamika atasikilizwa, au ndiyo anajichongea?

KijanaMwanjelwa

Jeshini hakuna "kwa nini", dada. Ashukuru hakupigwa doso la kuruka kichura uwanja mzima. Siku 14 zitaisha.

MstaafuUyole

Binti, pole kwa msiba. Huyo wa Mwanjelwa mwache, anaongea kama aliyeona jeshi kwenye sherehe za uwanjani.

Nimetumika miaka 22, nimetoka na usajini, sasa nalima viazi hapa Uyole na kugombana na madalali wa lumbesa. Kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kuwapeleka vijana wenye makosa mbele ya mkuu. Unahakikisha kofia na mkanda vimevuliwa, unamwingiza kwa hatua za kwata, "simama!", afande yuko nyuma ya meza na karatasi ya shtaka. Kwa hiyo nimesikia kesi za kuchelewa nyingi kuliko magunia niliyovuna.

Makosa madogo hayana ubao wa nauli kama daladala, kwamba kuchelewa ni siku nne, viatu vichafu ni siku mbili. Sheria inamwekea mkuu mwisho wa uzito wa adhabu, huko chini ya hapo ni yeye na akili yake. Inabidi amjue huyo kijana ni nani, ni mara ya ngapi, alikuwa anatoka wapi, na kuchelewa kwake kumemuumiza nani. Kama kuna askari alilinda zamu mbili kwa sababu mdogo wako hayupo, tayari hilo si kosa lilelile tena hata kama basi ni lilelile.

Nikupe mkasa, na ndani yake mwenye aibu ni mimi. Mwezi wa saba tulikuwa mazoezini kwenye misitu ya misonobari kule Mufindi. Mnaoijua baridi ya kule mwezi huo mnajua, alfajiri unakuta umande umeganda juu ya majani. Saa 10 usiku afande anapita, anamkuta mlinzi wa hema la risasi amelala kakaa, bunduki mapajani. Kambi nzima tukasema huyu amekwisha.

Asubuhi nikamwingiza. Afande hakufoka. Akamuuliza, "Jana yake ulilala saa ngapi?" Kijana kimya. Macho yake yakanijia mimi. Mpangaji wa zamu nilikuwa mimi. Mtu mmoja alikuwa ameugua malaria, nami badala ya kupanga orodha upya nikamrudisha yuleyule usiku wa pili mfululizo, kwa uvivu wa kutafuta kalamu.

Kijana akapewa siku saba za fatiki, yaani kazi za adhabu. Mimi nikapewa onyo la maandishi, na usiku ule afande akanipanga kulinda hema lilelile, saa 8 hadi saa 10. Sajini mzima! Vijana walipita mbali wakijifanya wanakwenda chooni, ili wanione tu. Tangu siku hiyo sikuwahi kumpanga mtu usiku mara mbili mfululizo.

Afande mwingine angempeleka yule kijana mahakama ya kijeshi, na asingevunja sheria yoyote.

Kwa hiyo mama asikimbilie baba wa watu. Muulize kwanza mdogo wako: mara ya ngapi hii? Na walipokwama Igawilo, nani alipiga simu kikosini?

WakiliMtoto_Iringa

Nasoma sheria hapa Iringa, mada hii naipenda. Kwetu msingi ni Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura 192, ya mwaka 1966. Inampa mkuu mamlaka ya kusikiliza makosa madogo mwenyewe bila kuita mahakama ya kijeshi.

Nimewahi kulinganisha na Marekani. Kanuni yao ya haki ya kijeshi, kifungu cha 15, inamruhusu kamanda kuadhibu kosa dogo bila mahakama, ila kwa kipimo. Kapteni wa kombania mwisho wake kwa askari wa chini ni siku 14 za kazi za ziada, siku 14 za kutotoka kambini na mshahara wa siku 7. Akiwa meja au zaidi anaweza kufika siku 45 za kazi na siku 60 za kutotoka, na kukata nusu mshahara kwa miezi miwili. Askari ana haki ya kukataa na kudai mahakama ya kijeshi, isipokuwa kama yuko melini. Akikubali kusikilizwa halafu akaona ameonewa, ana siku 5 za kukata rufaa. Uingereza nako mkuu wa kikosi anaweza kumweka askari kizuizini siku 28, na hadi 90 akipata kibali cha juu.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba huko Marekani bosi wa kamanda anaweza kuichukua kesi aiamue mwenyewe, lakini haruhusiwi kumwambia kamanda "mpe huyu siku kadhaa". Uamuzi lazima uwe wa anayeadhibu.

Na mkasa wa Mufindi, mzee, nimesisimka. Kwa Wamarekani mlinzi kulala lindoni wakati wa vita adhabu yake inaweza kufika kifo. Kwenu ikawa siku saba za fatiki.

HakiZaWanyonge

Maneno mazuri, lakini hiyo "akili ya mkuu" ndiyo mlango wa kujuana. Mtoto wa fulani anafokewa, mtoto wa mkulima anafyeka. Bora ubao wa nauli kuliko busara ya mtu usiyemjua.

MstaafuUyole

Sikatai. Nimemwona afande aliyekuwa na "mtoto wake" kombania nzima inamjua, na nidhamu ikaoza ndani ya miezi michache. Watu walianza kuchelewa makusudi wapime maji. Lakini ubao wako ungemfunga yule kijana wa Mufindi, na mimi mwenye kosa ningelala hemani vizuri.

BintiTukuyu

Nimempigia jana usiku. Mzee umenikamata! Mwenzake alimpigia sajini wa zamu wakiwa bado kwenye foleni. Wa kwangu alikuwa amelala kwenye kiti, uchovu wa msiba. Na hii si mara ya kwanza, mwezi wa pili alichelewa pia, hakutuambia.

Ila anasema kilichomuuma si siku 14. Afande hakumuuliza chochote. Aliingizwa, akasomewa, akaambiwa adhabu, geuka, tembea. Hata kwamba anatoka kuzika hakupewa nafasi ya kusema.

MstaafuUyole

Hapo afande amekosea, nakuambia bila kuuma maneno. Siku 14 kwa mtu wa mara ya pili sizishangai. Lakini kumhukumu mtu bila kumwuliza ni uvivu uleule wangu wa kalamu.

Afanye hivi. Amwombe sajini wake ampeleke kuonana na mkuu wa kombania, kwa heshima, aeleze mambo mawili tu: nilitoka kuzika, na sikuulizwa. Mwenzake asimtaje kabisa. Akitaja "mbona fulani", mazungumzo yataishia hapo. Adhabu aendelee nayo huku akisubiri jibu.

BintiTukuyu

Asante sana mzee. Shida nyingine ni mama. Keshafunga mkungu wa ndizi anataka Jumamosi aupeleke getini kwa afande.

MstaafuUyole

Ndizi ziliwe nyumbani! Zikifika getini, hizo siku 14 ndiyo kwanza zitaanza kuhesabiwa upya.