Shallaki au guggul kwa magoti ya mama? Naombeni ushauri

Kipepeo Tulivu (mleta uzi)
Wakuu, habari za muda huu. Mama yangu ana miaka 67 na magoti yanamtesa. Akiamka asubuhi anashika kabati kwanza, anasimama hapo kama dakika mbili akiyasikilizia, ndipo apige hatua. Usiku namsikia akijigeuza na kuguna. Nimeamua kumtibu kwa mitishamba ya Ayurveda, maana ni ya asili na Wahindi wameitumia karne na karne. Manjano ameshaanza. Sasa nataka kumwongezea moja: shallaki au guggul? Dozi ikoje? Naomba waliotumia ndio wajibu, siyo wa kunikatisha tamaa.

Bi Rehani
Pole kwa mama. Shallaki natumia mwaka wa pili huu, goti la kulia. Ni utomvu wa mti wa jamii ya ubani, ukifungua kopo utaujua kwa harufu. Haijaniponya, ila ngazi napanda. Guggul ni jamii ya manemane. Ilinivuruga tumbo, sikumaliza hata wiki. Marehemu mume wangu yeye hakutaka kusikia vidonge, alitaka mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, nimchue kila usiku huku akinisimulia mambo ya kazini. Mpaka leo nikisikia harufu ya ufuta namkumbuka.

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, unauliza dawa kabla ya ugonjwa. Magoti yanayouma si ugonjwa mmoja. Kuna kusagika kwa gegedu kwa umri, kuna baridi yabisi, kuna jongo. Hata hao waganga wa Ayurveda hawagawi mimea kiholela. Wanatofautisha maumivu ya vata, yaani ya upepo wa mwili, na yale wanayoyaita amavata, ya sumu ya chakula kisichomeng'enywa vizuri, na kila moja lina njia yake. Na vijana wa siku hizi hamtaki kusikia habari ya mazoezi. Misuli ya paja ikiwa dhaifu, goti linabeba mzigo peke yake.

Fundi wa Saa
Mama anatumia dawa gani nyingine?

Kipepeo Tulivu
Za kawaida tu za watu wazima.

Fundi wa Saa
Hizo za kawaida zina majina. Kachukue kopo usome.

Kipepeo Tulivu
Sawa. Ya presha, na warfarin. Miaka minne iliyopita aliwekewa vali ya chuma kwenye moyo. Ndiyo maana daktari alimkataza diklofenaki, akasema itamletea kutokwa damu. Akabakiwa na parasetamo, na hiyo haimtulizi. Nyie mngekaa mkimsikiliza akiguna mpaka asubuhi?

Muuguzi Zamu ya Usiku
Dada, hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza. Warfarin inazuia damu kuganda juu ya ile vali, na dozi yake inapimwa kwa INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, kwa sababu ikizidi kidogo mtu anavuja, ikipungua linatengenezwa donge linalokimbilia ubongoni. Manjano yanaweza kuizidisha nguvu. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Nyuzilandi ilitahadharisha baada ya mgonjwa wa warfarin kuanza bidhaa ya manjano na INR yake kupanda kupita 10. Wengi wenye vali ya chuma hukaa kati ya 2 na 3.5. Shallaki nayo imeshatajwa kwa shida hiyo hiyo. Mara ya mwisho amepima lini?

Kipepeo Tulivu
Miezi mitatu. Lakini manjano ni kiungo jamani, amekula tangu utoto.

Muuguzi Zamu ya Usiku
Anakula kiungo au anameza vidonge?

Kipepeo Tulivu
Vidonge viwili kwa siku, vya manjano na pilipili manga. Na msidhani sikufikiria. Alipoanza kupata michubuko nilimpunguzia warfarin, nikawa nampa nusu. Kwa hiyo imejisawazisha.

Fundi wa Saa
Haijajisawazisha. Ile pilipili manga imewekwa makusudi ili manjano yafyonzwe kwa wingi, chakula hakifanyi hivyo. Umegusa mizani pande zote mbili ukiwa umefumba macho.

Nondo
Hii ni chai. Akaunti ya juzi, magoti, halafu taratibu linaingia kopo la vidonge. Subirini kesho aje mwingine kuuliza "vinapatikana wapi". Tumeshauziwa hivi mara ngapi humu?

Bi Rehani
Nondo, muuzaji gani anasema vidonge vyake vimemletea mama michubuko?

Nondo
Mjanja. Ila hoja yangu haifi. Mwaka 2004 watafiti walipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa Boston, na 14 zilikuwa na risasi, zebaki au arseniki. Baadhi ya mapishi yale yanatia madini kwa makusudi. Watu wanasoma "asili" wanafumba macho.

Mwalimu Mstaafu
Hilo ni kweli, ila usimtuhumu mtu anayelia.

Kipepeo Tulivu
Sina duka. Nitaelezea ninachokiona, mwenye kuamini aamini. Mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, ana doa la ukubwa wa kiganja changu, katikati jeusi, pembeni limeanza kuwa la kijani. Hakujigonga popote. Jana alipopiga mswaki alitema pinki mara tatu, akasuuza sinki haraka nisione. Nimeona.

Muuguzi Zamu ya Usiku
Mpeleke leo akapimwe INR. Beba makopo yote, ya manjano pia, na useme wazi kuhusu ile nusu. Hawatakupiga. Manjano acha sasa hivi, shallaki na guggul usianze. Warfarin usiongeze wala usipunguze tena mpaka wakuambie. Akiumwa kichwa ghafla, akipata choo cheusi, mdomo ukipinda au mkono ukilegea, hiyo ni dharura, msisubiri foleni.

Nondo
Kama ni kweli, nisamehe dada. Nenda.

Kipepeo Tulivu
Anavaa viatu. Ameniuliza kama nitagombezwa, nimemwambia labda. Na mafuta ya kuchua ninayompaka, je, naweza kuendelea nayo tukirudi? Ndiyo kitu pekee anachokipenda.

Muuguzi Zamu ya Usiku
Ufuta mtupu, kwa kiganja chepesi, na usipite juu ya michubuko. Ila yasome kwanza. Yakiandikwa methili salisileti, ile ya kunukia kali na kuwasha ngozi, yaache, nayo inapenya na kuongeza nguvu ya warfarin.

Kipepeo Tulivu
Yameandikwa.