Tupeane uzoefu: kumchana na kumkosha paka nyumbani

Assalaam alaykum wapenzi wa paka, Unguja na Pemba. Kila mmoja aweke analolijua, na aliweke kamili: kifaa, kipimo na panapoharibika.

Naanza na mafundo ya manyoya. Hujifunga nyuma ya masikio, kwapani na kinenani. Msiyakate kwa mkasi. Ngozi ya paka ni nyembamba, huvutika ikaingia ndani ya fundo, huioni mpaka umeshaikata. Bana manyoya shinani ili asiumie, nyunyiza wanga kidogo, ule unga mweupe wa kukazia supu, kisha pachua kwa vidole kuanzia nchani. Fanya hivyo kabla ya kumkosha, maana fundo likiloa hukaza.

Mtu wa Wete
Viroboto: chukua kitana cha chawa na bakuli la maji yenye sabuni ya vyombo. Chana shingoni na juu ya mkia, kila ukipitisha chovya. Kwenye maji matupu kiroboto huelea akaruka tena, sabuni humzamisha. Ukiona vumbi jeusi liweke juu ya tishu iliyoloa; likitoa wekundu ni kinyesi cha kiroboto. Mayai huanguka kwenye mikeka na matandiko, kwa hiyo fagieni mpaka mvunguni na mkoshe shuka kwa maji moto, la sivyo watarudi.

Na hili nalisisitiza kwa sababu huku kwetu mafuta ya karafuu na ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, hayakosekani majumbani: paka hapakwi. Yana kemikali iitwayo yujenoli, na ini la paka ni dhaifu kuvunja vitu vya jamii hiyo. Akijiramba ameshameza. Dawa ya kuulia vijidudu inayogeuka nyeupe majini ni hivyo hivyo. Mafuta ya taa pia hapana. Dawa ya viroboto vya mbwa yenye permethrini humtia paka mtetemeko na huweza kumuua. Someni kibandiko: iandikwe paka, na uzito wake.

Bi Ng'ambo
Kweli kabisa ndugu yangu wa Wete. Kwenye kucha: mbele tano tano, nyuma nne nne. Bonyeza kidole ukucha utokeze, kata milimita 2 kabla ya sehemu ya waridi, ndimo ulimo mshipa. Ule wa gumba haugusi chini, hupinda ukaingia nyamani, na ndio unaosahauliwa. Damu ikitoka, kandamiza kwa wanga.

Mtu wa Wete
Na kumkosha je, Bi?

Bi Ng'ambo
Paka mzima hujikosha mwenyewe. Mkoshe akijipaka oili ya gari au kinyesi. Maji ya uvuguvugu yafike tumboni tu, taulo ndani ya beseni asiteleze, sabuni ya paka, suuza mpaka manyoya yasiteleze mkononi. Masikioni usitie kijiti cha pamba; uchafu mweusi kama mashapo ya kahawa ni dalili ya utitiri, mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Paka mweupe mtazameni ncha za masikio: zikibabuka kwa jua na kufanya magamba yasiyopona, huenda ni saratani ya ngozi inaanza, naye aende mapema.