Mama mgonjwa, nimevuka 180, HR wanasema ILR inaanza moja

Kutoka: Binti Kibokoni (Leicester, kwa sasa niko Mombasa)

Assalam alaykum, na hamjambo nyote.

Naandika usiku, mama amelala. Alipigwa na kiharusi, upande wa kulia hauendi na maneno hayatoki vizuri. Mimi ndiye binti pekee, na kaka zangu wako melini. Nilikuja kwa likizo ya mwaka, ikaisha, nikaomba likizo bila mshahara, nikapewa, kisha ikaongezwa. Sasa nimepita miezi sita niko huku.

Niko kwenye Skilled Worker, viza ya kazi ya Uingereza, mwaka wa nne. Wiki hii HR ya kazini wameniletea barua pepe kwamba nimevuka siku 180 za kuwa nje ya Uingereza, hesabu imekatika, nikirudi naanza moja kuelekea ILR, yaani ukaazi wa kudumu. Nikampigia wakili wa huko, akachukua pesa yake ya ushauri, akanambia ugonjwa wa mzazi unasamehewa. Hao wawili hawakubaliani na mimi niko katikati.

Swali langu ni hili. Daktari anayemtibu mama yuko tayari kuniandikia barua. Aandike nini hasa? Aseme mama anaumwa na anahitaji mtu wa kumwangalia, au aseme wazi kwamba uhai wake ulikuwa hatarini? Muhuri wa hospitali unatosha au niipeleke kwa wakili aigongee wa kwake? Aliyewahi kuambatisha barua kama hii na SET O, fomu ya kuombea ILR, tafadhali anieleze ilivyokuwa.

---

Kutoka: Ami wa Luton

Pole sana mwanangu. Mola amwafu mama. Umefanya lililo sawa, na asikutishe mtu kwa ajili ya karatasi.

Hao HR usiwasikilize sana. Mimi nilipoomba ILR kila mwaka ulihesabiwa peke yake, kurudi nyuma kutoka siku ya kuomba. Ukienda nyumbani safari ikaangukia miaka miwili, nusu huku na nusu kule, hakuna mwaka unaofika 180. Babangu alipofariki nilikaa Kuze mpaka mambo ya mirathi yakaisha, na siku ya kuomba hakuna aliyeniuliza. Tazama tarehe ya viza yako kwanza kabla hujalia.

---

Kutoka: Bint Tudor (Birmingham)

Ami, shikamoo. Kwa heshima zote, hilo litamponza dada. Kuhesabu mwaka mwaka ni kwa waliopewa ruhusa kabla ya 11 Januari 2018. Ruhusa za kuanzia siku hiyo zinahesabiwa kwa miezi 12 yoyote inayofuatana. Afisa anaweza kuanza popote kwenye ile miaka 5, akahesabu miezi 12, na ndani yake siku za nje zisizidi 180. Binti Kibokoni yuko mwaka wa nne, kwa hivyo hesabu ya zamani haimhusu kabisa.

Dada, mambo mawili. La kwanza, siku uliyoondoka na siku utakayoingia hazihesabiwi, ni siku kamili za nje tu. HR wengi wanahesabu tiketi kwa tiketi na wanakuongezea siku ambazo hazipo. Kaa na kalenda uhesabu mwenyewe. Uingereza haigongi muhuri mtu anapotoka, kwa hivyo tiketi na kadi za kupandia ndege zitunze, usitupe hata moja.

La pili, msamaha upo na umeandikwa kwenye Appendix Continuous Residence: sababu nzito za kibinadamu, na mfano unaotolewa ni kifo au ugonjwa unaotishia uhai wa ndugu wa karibu. Ukiangukia humo siku hizo hazihesabiwi kwenye 180. Kwa hiyo wakili wako hakukudanganya. Ila kiharusi cha siku ya kwanza ni kitu kimoja, na mwezi wa tano wa mazoezi ya kutembea ni kingine. Hapo ndipo patakapokuwa na mjadala.

---

Kutoka: Bin Majengo (Minneapolis)

Poleni huko. Huku kwetu mambo ni makali zaidi. Mtu wa green card akikaa nje zaidi ya miezi sita, kwenye N-400, fomu ya kuomba uraia, wanachukulia kwamba amekata makazi mpaka athibitishe kinyume. Akifika mwaka mzima, amekata. Na kadi yenyewe baada ya mwaka haikuingizi bila re-entry permit, kibali cha kurudi kuingia, ambayo inaombwa kwa fomu I-131, na fomu hiyo lazima uipeleke ukiwa ndani ya Marekani. Ukishatua Moi umechelewa.

Mke wangu alikwenda kumuuguza shangazi yake Majengo. Hakufika mwaka, lakini alikaribia. Kurudi, afisa wa uwanja wa ndege akamuingiza chumba cha pembeni, akamuuliza nyumba ni ya nani, kodi nani analipa, kwa nini amekaa vile. Mwisho akamsukumia I-407 asaini, yaani akubali mwenyewe kwamba ameacha ukaazi. Alikataa. Nilikuwa nimemwambia kabla hajaondoka: karatasi hiyo hakuna anayeweza kukulazimisha, una haki ya kupelekwa mbele ya jaji wa uhamiaji. Waliposikia neno jaji wakamwachia. Wangapi wetu wamesaini kwa uchovu wa safari na kutojua? Mwambieni kila mwenye mama mzee huko nyumbani.

---

Kutoka: Dada wa Changamwe (Manchester)

Bin Majengo, ahsante, lakini dada hakuuliza Marekani.

Ndugu zangu, mmeng'ang'ania 180 na hamjaona neno lililo kwenye barua yake. Kasema likizo BILA MSHAHARA. Nimekaa miaka kwenye ofisi ya wafanyakazi ya nyumba ya wazee, kazi yangu ilikuwa kuripoti kwenye SMS, ule mfumo wa serikali wa waajiri wanaodhamini viza, kwa hivyo hili nalijua kwa mikono yangu. Mwenye viza ya kazi akikaa bila mshahara zaidi ya wiki 4 ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, mdhamini kwa kawaida anatakiwa aache kumdhamini. Kuna misamaha, kama likizo ya uzazi na ugonjwa wa mfanyakazi mwenyewe. Lakini likizo ya kawaida isiyolipwa, ikaongezwa na kuongezwa, ni hatari.

Binti Kibokoni, kabla ya barua ya daktari, waandikie HR leo, kwa maandishi, si kwa simu: likizo yangu mliiripoti vipi, lini, na COS yangu, ile hati ya udhamini, bado iko hai? Halafu ingia kwenye akaunti yako ya UKVI, idara ya viza ya Uingereza, utazame eVisa, viza yako ya mtandaoni, inasema nini. Kama wameripoti kwamba wameacha kukudhamini, itakuja barua ya kufupisha viza, na hapo unapewa siku 60 tu kwa kawaida. Barua hizo siku hizi zinakuja kwa barua pepe. Tazama hata kule kunakoingia takataka. Mtu unaweza kuwa unabishania msamaha wa 180 kumbe viza yenyewe imeshafupishwa.

---

Kutoka: Ami wa Luton

Bint Tudor, marahaba. Nilichosema kilikuwa sheria ya wakati wangu na kwa sheria hiyo nilipata. Sikumwambia atume fomu kesho. Nilimwambia atazame tarehe.

Na nyinyi mnaohesabu kwa kalenda, mjue kalenda yenyewe wanaihamisha. Mei 2025 serikali ya huku imetoa waraka unaotaka miaka 5 ya ILR iwe 10. Julai mwaka huohuo wakafunga mlango wa kuleta walezi wapya kutoka nje. Watu waliowavisha na kuwalisha wazee wao wakati wa Korona, leo wanaambiwa wamekuwa wengi. Mtoto wa Kisauni amewaogesha mama za watu miaka minne, akienda kumuogesha mamake mwenyewe anaambiwa amevunja makazi. Hilo linaniuma kuliko fomu yoyote.

---

Kutoka: Mama Wawili (Bremen)

Ami umesema la moyoni mwangu.

Kwa faida ya walio Ujerumani: Niederlassungserlaubnis, ukaazi wa kudumu wa huku, inakufa yenyewe ukikaa nje zaidi ya miezi sita, kwa kifungu cha 51 cha sheria ya ukaazi. Hakuna barua wala onyo, imekufa tu. Lakini unaweza kwenda Ausländerbehörde, ofisi ya wageni, KABLA ya kusafiri ukaomba upewe muda mrefu zaidi, ukaeleza sababu, ukatoka na karatasi yao mkononi. Mimi nilifanya hivyo mamangu alipovunjika nyonga. Yule bibi wa ofisini alikuwa mkavu, kila siku ananirudisha kuleta karatasi nyingine, lakini mwisho aliandika. Bila karatasi ile ningekuwa leo niko Mtongwe na watoto wako huku.

Nilimuuguza kwa miezi ile, na niseme kweli, ndiyo miezi niliyolala vizuri tangu nihame. Alfajiri adhana, kisha muuza mahamri anapita, mbaazi ziko jikoni, jirani anaingia bila hodi kuuliza mgonjwa kaamkaje. Huku nimelazwa hospitali wiki nzima na jirani wa mlango wa pili hakujua. Ukaazi wa kudumu nimeupata, ila sijui nimekaa wapi.

---

Kutoka: Kijana wa Likoni (Dubai)

Nyinyi angalau mna cha kupoteza. Huku mtu anafanya kazi mpaka mvi, na siku kazi ikiisha na viza imekwisha. Miezi sita nje ya nchi, viza ya ukaazi imebatilika, isipokuwa wenye golden visa, ile ya matajiri na wataalamu. Sisi tunaosimamia maghala tutaipata wapi golden?

Mwenzangu mmoja alikwenda kumzika babake Shimoni, akabaki na mamake eda mpaka iishe, akarudi akakuta nafasi yake ina mtu. Hakuna fomu ya kulalamika. Msinielewe vibaya, dada ana shida ya kweli na namuombea. Lakini watu wa Ulaya mkiandika humu mnaandika kama kwamba sote tuna wakili wa kumpigia.

---

Kutoka: Binti Kibokoni

Ahsanteni sana. Dada wa Changamwe, umenitia baridi mwilini lakini bora nijue sasa. Nimewaandikia HR na nimeingia kwenye eVisa, bado inaonyesha tarehe yangu ileile ya kwisha. Wamejibu kwamba "suala linashughulikiwa". Nimewaandikia tena kuuliza linashughulikiwa vipi.

Nimehesabu upya kama alivyosema Bint Tudor. Hata nikitoa siku za safari bado nimezidi, ila si kwa kiasi walichosema wao.

Barua ya daktari bado nauliza. Yeye anasafiri kwenda Malindi na anataka nimpelekee maneno kabla hajaondoka.

---

Kutoka: Bin Majengo (Minneapolis)

Dada wa Changamwe, nilijua hakuuliza Marekani. Humu kuna watu wa nchi zote na wengine wanasoma bila kuandika.

Kijana wa Likoni, umenikumbusha kitu. Watu wa Pwani hatukuanza kuulizwa ulikuwa wapi na babu yako nani kule ugenini. Tumeanza nyumbani. Mimi kuchukua kitambulisho niliwekwa mbele ya kamati nipigwe msasa, nikaambiwa nilete cheti cha babu, wakati wenzangu shuleni kutoka bara walichukua vyao kwa cheti cha kuzaliwa tu. Babu alizaliwa Mombasa kabla Kenya haijaitwa Kenya, cheti atakitoa wapi? Mwaka 2025 Rais ametangaza kwamba msasa huo umeondolewa. Nataka kumsikia kijana wa Majengo au Kibokoni aliyekwenda baada ya hapo anieleze kama kweli hakuulizwa la babu.

---

Kutoka: Bint Tudor (Birmingham)

Mdogo wangu kachukua chake karibuni, hakuulizwa. Lakini si kila ofisi imesikia tangazo hilo, rafiki yake alirudishwa mara mbili. Na tukirudi kwenye uhamiaji: dada ukishapata ILR usilale. Ukikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo inapotea, na kuirudisha ni viza ya Returning Resident, inaombwa ukiwa nje na wanataka kuona umefungamana vipi na Uingereza. Ukiweza chukua pasi ya Uingereza kabisa. Nje usizidi siku 450 ndani ya miaka 5, na 90 katika mwaka wa mwisho. Katiba ya 2010 inakuruhusu kubaki Mkenya, kwa hivyo hakuna unachoacha.

---

Kutoka: Mtu wa Mkomani (Toronto)

Samahani kuingilia. Niko nyumbani kwa arusi ya mdogo wangu na PR card, kadi yangu ya ukaazi wa kudumu wa Kanada, imekwisha muda nikiwa huku. Zile siku 730 za kuwa Kanada ndani ya miaka 5 ninazo na zaidi. Je, PRTD, hati ya safari ya mkaazi wa kudumu, naiomba ubalozini Nairobi au wapi? Mtu mmoja wa safari hapa Nyali anataka pesa nyingi kunijazia.

---

Kutoka: Mama wa Bamburi (Ottawa)

Usimpe hata shilingi. PRTD inaombwa mtandaoni, ukikubaliwa ndipo unapeleka pasi. Ambatisha NOA, yaani taarifa za tathmini ya kodi, barua ya mwajiri, hati za malipo, na nakala za kurasa zote za pasi, hata zilizo tupu. Kama ulikuwa nje pamoja na mumeo na yeye ni raia wa Kanada, siku hizo nazo zinahesabiwa kwenye 730, ziandike. Na usiende uwanjani bila PRTD ukitegemea kueleza mbele ya safari. Watakuzuia kaunta ya shirika la ndege na tiketi itapotea.