Naomba ushauri: biskuti na vishikizo vya skafu kwa skauti wadogo

Wakuu, habari za majukumu. Mwanangu yuko kundi la skauti wadogo. Kiongozi wao ametaka kila familia ioke kitu na kutengeneza kazi ya mikono, wapewe watoto watakaokula kiapo cha skauti. Mzazi asaidie tu, asifanye yeye. Hapo ndipo pagumu, maana mikono inawasha ukimwona mtoto anavyolikandamiza donge.

Tumechagua biskuti za umbo la yungiyungi, ile alama ya skauti. Zinaingia kwenye oveni ncha zote 3 zikionekana vizuri, zinatoka zimetanuka hadi mtoto anauliza kama ni bata. Jirani kaniambia nitoe beking pauda kabisa na niweke donge kwenye friji nusu saa kabla ya kukata. Inatosha, au na siagi nipunguze?

Vishikizo vya skafu (vile vipete vya kubana skafu shingoni) tunataka kufanya vya unga wa chumvi: unga vikombe 2, chumvi 1, maji 1, halafu vinakaushwa kwa moto mdogo masaa kadhaa. Vikiwa vyembamba vinakatika, vikiwa vinene vinapasuka katikati. Waliowahi kuvitengeneza, unene gani unafaa? Au niachane navyo tusuke vya kamba? Angalau watajifunza mafundo, na hakuna atakayedhani ni biskuti akatafuna chumvi.

Halafu kuna mtoto asiyeweza kula karanga. Natumia vyombo vyangu vya kila siku. Kuviosha vizuri kunatosha kweli?

Natanguliza shukrani.